Jingo Juu ya Sauti ya Zuhra

Kama uliwahi kununua nyimbo Kasulu miaka ile kabla simu za kupangusa hazijafika kila kijiji, sauti ya Gharibu unaijua, hata kama sura yake hujawahi kuiona. Unasikiliza taarabu umefumba macho, mwimbaji anafika pale penyewe pa kukutoa machozi, mara dume linadakia katikati: "Gharibu huyoo! Mfalme wa memori, Kasulu sokoni!" Unatamani kuirusha simu ukutani. Lile lilikuwa jingo lake. Alilirekodi mwenyewe, akaikoroga sauti kwenye kompyuta mpaka ikawa nzito kama ya mtu aliyemeza ngoma, kisha akalibandika juu ya kila wimbo uliotoka dukani kwake.

Kazi yake ilikuwa kujaza nyimbo kwenye kadi za memori za simu. Siku za soko watu walishuka kutoka Kagerankanda na kwingineko, wakamwachia kadi asubuhi, wakaenda kuuza maharage yao, na waliporudi waliikuta imejaa kwaya, kaswida, rumba, bongo fleva na ngoma za Kiha. Nyimbo zote hizo alizitoa wapi? Tusimung'unye maneno. Hakuna hata mmoja aliouombea ruhusa kwa mwenyewe. Alichota tu. Mtu akimgusia habari za hakimiliki alicheka, akasema wasanii ndio wanaopaswa kumshukuru yeye, maana bila yeye nani kule kwenye mashamba ya mihogo angewajua?

Lakini Mansuri, mjaza kadi wa upande wa pili wa soko, alipoanza kunakili nyimbo kutoka kwenye kadi zilizojazwa na Gharibu, hapo kicheko kiliisha. Gharibu alikwenda mpaka mlangoni kwa mwenzake akamwita mwizi mbele ya wateja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jioni ile ile ndipo alipotengeneza jingo, ili kila mtu ajue mali imetoka kwa nani.

Siku hizi hakuna wa kumwibia. Watu wananunua bando na kusikiliza mtandaoni. Mansuri alikwishafunga, akaenda kulima Kumsenga, na Gharibu, niamini, amemkumbuka Mansuri kuliko alivyotarajia, kwa sababu hata adui ni mtu wa kuzungumza naye. Duka lake sasa linauza chaja na makava ya simu. Kompyuta mpya, ambayo nayo si mpya, inakaa pembeni imefunikwa kitambaa. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, anarudi nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Zuhra, mkewe, alifariki. Watoto hawakujaaliwa. Jirani mwema atakwambia Gharibu anaendelea vizuri, kwa kuwa anasalimia watu na nguo zake ni safi. Mimi nakwambia alikuwa mpweke kiasi cha kuacha redio imewashwa anapotoka, ili akirudi akute mtu anaongea.

Zuhra alikuwa mwanamke wa Kitahana, upande wa Kibondo, na alikuwa na sauti. Si sauti ya jukwaani. Ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, na alipokuwa akiimba alionekana kama anazungumza na mtu mmoja tu. Harusini wanawake walimtafuta aimbe wimbo wa kumsindikiza bibi harusi. Mdundo wake ulikuwa wa wanawake wa Kitahana tangu zamani, lakini maneno aliyatunga yeye, kwa Kiha: nenda kwa amani mwanangu, ukifika kwenye kilima kile usigeuke, maana ukigeuka nitaona unalia, na nikiona unalia nitakuja kukurudisha, na watu watasema mama huyu hana adabu.

Gharibu aliurekodi wimbo huo nyumbani, alasiri moja ya mvua ndogo, Zuhra akipukuchua maharage uani chini ya bati. Kwa mara moja tu katika maisha yake alikuwa ameshika wimbo usio wa mtu mwingine. Na alifanya nini nao? Kesho yake aliubandika jingo. Mara mbili: katikati, pale kwenye kilima, na mwishoni kabisa. Kisha akaujaza kwenye kadi za watu.

Zuhra aliusikia kwenye harusi ya watu, kwenye spika kubwa, akarudi nyumbani amenuna.

"Umenipigia kelele kwenye wimbo wangu," alisema.

"Nimekulinda, mke wangu. Wakikuiba je?"

"Nani aniibe mimi?"

Akaingia jikoni, na hakulizungumza tena. Gharibu alidhani yameisha.

Baadaye ikaja radi. Radi za Kasulu hazibishi hodi. Ilipita kwenye nyaya ikaiunguza kompyuta pamoja na kila kilichokuwamo, na ile rekodi safi ikaenda na maji. Wakati ule hakujali sana. Mwimbaji si alikuwa yupo? Angeimba tena. Kisha Zuhra akaugua, na ugonjwa wenyewe haukumpa nafasi ya kuimba. Simu yake, iliyokuwa na nakala safi, ilikwenda kwa mdogo wake Kitahana, nako wakafuta kila kitu ili zipate kuenea picha za watoto.

Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, Gharibu alianza kuusaka wimbo. Alisimamisha watu sokoni. Aliazima simu za zamani, akapekua kadi zilizopasuka. Nakala alizipata, tena nyingi, maana alikuwa ameugawa kweli kweli. Na zote zilikuwa na yeye ndani. Zuhra anapanda kile kilima taratibu, unaanza kumwona binti anavyokaza shingo asigeuke, halafu: "Gharibu huyoo!" Mwisho wa wimbo ndio ulimuumiza zaidi. Zuhra anamaliza, ananyamaza kidogo, kisha anasema kitu. Unasikia "Gha..." na papo hapo mfalme wa memori anaingia na kumfunika. Alikuwa anamwita. Alitaka kumwambia nini? Gharibu hakukumbuka. Alijaribu kila namna, akapunguza hiki, akaongeza kile, lakini jingo alilitengeneza makusudi lisiondoke, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Jioni alikaa kitandani akijisikiliza anavyopiga kelele juu ya mke wake, akalia.

Hali ilikuwa hivyo mpaka siku Zuleha, muuza khanga wa duka la jirani, alipokuwa akikunja doti zake huku simu ikiimba juu ya kaunta. Ulikuwa wimbo wa vijana, wenye biti la kutikisa meza. Katikati ya biti, sauti nyembamba yenye mkwaruzo ikasema: usigeuke, usigeuke, usigeuke.

Gharibu aliacha chaja za watu mlangoni, akaingia dukani kwa Zuleha bila hata kubisha hodi.

"Rudisha nyuma."

"Shemeji, kulikoni?"

"Rudisha nyuma, Zuleha! Huyo ni Zuhra."

Wakasikiliza wote wawili. Zuleha, aliyekuwa shoga wa Zuhra, akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Ni yeye. Na juu ya sauti ile hapakuwa na jingo. Palepale kwenye kilima ambapo nakala zote za dunia hii zilikuwa na kelele za Gharibu, Zuhra alipita peke yake, safi. Kwa hiyo mahali fulani palikuwa na rekodi ambayo yeye hakuigusa.

Zuleha alikuwa na hasira za watu wawili. "Wamemwiba marehemu! Siku hizi kuna sheria, shemeji. Washtaki. Wautoe huko mtandaoni." Akatafuta namba ya aliyeutengeneza wimbo, ikapatikana. Alikuwa prodyuza wa Dar es Salaam, kijana aitwaye Nurudini, na kwa bahati Gharibu alipompigia alimkuta kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo sauti uliyoiweka kwenye wimbo wako ni ya mke wangu."

"Mzee, mimi niliikuta kwenye grupu la WhatsApp. Imeandikwa wimbo wa asili, Kigoma. Nikajua vya asili havina mwenyewe."

Neno lile lilimchoma Gharibu kuliko wizi wenyewe. Havina mwenyewe! "Mwenyewe ni mimi," akasema. "Nina ushahidi. Nakutumia nakala yangu, usikie jina langu limo ndani."

Akatuma. Haukupita muda Nurudini akapiga tena, na safari hii alikuwa anajizuia kucheka, hakufaulu sana.

"Mzee, usinielewe vibaya. Nimemuuliza rafiki yangu mtu wa Kasulu kuhusu hilo jingo lako. Amenitumia nyimbo nyingine zenye jingo hilohilo. Kuna taarabu, kuna kwaya, kuna rumba za watu wakubwa. Jina lako kama ndilo hati, basi nusu ya muziki wa Afrika Mashariki umeutunga wewe."

Maisha yake yote Gharibu aliweka alama ili ajulikane mali ni ya nani, na siku alipoihitaji kweli hiyo alama, haikumtofautisha na mwizi.

"Ila nakuamini," Nurudini akaendelea, kwa upole. "Nasikia unavyoongea. Nipatie ile rekodi ya mwanzo, safi. Nikiwa nayo, uamuzi ni wako. Ukisema niutoe wimbo, nautoa. Ukisema niandike jina lake, naliandika."

"Rekodi safi si unayo wewe?"

"Nilikata kipande tu mzee, kingine sikukitunza, na grupu lenyewe limeshafutwa. Aliyeileta kwenye grupu alisema imetoka kwa mama mmoja wa kambi ya wakimbizi, Nyarugusu. Anaitwa Apoline, namba yake nakutumia."

Gharibu alipompigia Apoline, hakuelewa kila neno la Kiswahili chake cha Kongo, lakini aliambulia la maana. Wimbo upo, wote. Upo kwenye simu ya zamani isiyojua intaneti. Vijana wa kwaya waliuchukua humo kwa kuweka simu mbili pamoja, blututhi, kama zamani. Atakaye naye aje akae karibu.

Akahangaikia kibali cha kuingia kambini, akakipata, akapanda gari la Makere. Njiani alikuwa akiyapanga maneno yake. Angemuuliza mwanamke huyo: nani alikupa ruhusa? Alilirudia swali lile mpaka likawa kali kama anavyotaka. Unajua mtu mwenye huzuni anavyoipenda hasira. Angalau hasira ina mahali pa kwenda.

Apoline alimpokea kwenye kibanda cha matope kilichofagiliwa vizuri, ambako alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kitenge cha rangi ya chungwa, na kabla Gharibu hajafungua mdomo alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu papa. Ni weye Gharibu? Mama Zuhra alikuwa anakutajaka kila siku. Pole sana, papa. Hatukujua. Tuliona tu hakuji tena."

"Mlijuana wapi?"

"Kwa lile soko la zamani, la pale inje, kabla balifunge. Alikuwa analeta maharage. Mimi nilikuwa nalia siku ile, dada yangu alikuwa anaenda Amerika na batoto yake yote. Mama Zuhra akakaa na mie, akanisikilizisha ule wimbo kwa telefone yake. Maneno yote sikuyaelewa, lakini *genda amahoro*, nenda kwa amani, nilielewa."

Gharibu alikumbuka swali lake la njiani. Likatoka, ingawa halikuwa kali tena. "Na ruhusa ya kuusambaza, alikupa nani?"

"Yeye mwenyewe, njo alinitumia. Alisema, chukua mbio, Apoline, bwana yangu leo atapiga makelele ndani." Akacheka, kisha akaona uso wa Gharibu, akaacha kucheka. "Alisema umpatie kila mwenye anaenda. Njo tunafanyaka hivyo, papa. Familia ikipata safari ya ng'ambo, tunaimba ule wimbo kwa gari yao. Kila mtu hapa anaujua."

Gharibu alikaa kwenye kigoda. Kwa hiyo Zuhra alikuwa amejua. Aliisikia rekodi usiku ule Gharibu alipomwekea kwenye simu, akajua mumewe atafanya nini kesho, na badala ya kugombana naye, asubuhi akaichukua sauti yake akaipeleka mahali ambapo mumewe hafiki. Watu wa kambi, wasio na chochote cha kuita chao, waliutunza wimbo vizuri kuliko mwenye duka la nyimbo. Hawakuwa wameuandika jina la mtu. Walikuwa wameuimba tu.

Apoline akaleta simu, ndogo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akabonyeza.

Maharage yalikuwa yakidondoka kwenye ungo. Mvua ilikuwa kwenye bati. Zuhra akaanza, akaenda, akafika kwenye kilima, akapita. Gharibu alikuwa ameshika magoti yake. Binti hakugeuka. Wimbo ukaisha, pakawa kimya, na Zuhra, kwa sauti yake ya kila siku, akasema:

"Gharibu, zima basi hiyo mashine. Chai inapoa."

Na mwanamume mmoja, mwenye sauti ya kawaida kabisa, isiyokorogwa, akajibu kutoka karibu:

"Ngoja kwanza."

Basi. Hapo rekodi ilikoma.

Gharibu aliinama. Alikuwa ametegemea neno kubwa, si unajua, neno la kuishi nalo. Na lilikuwa chai. Aliyakumbuka yote sasa. Hakwenda. Alibaki kwenye kompyuta akisikiliza kama mvua haikuharibu rekodi, na alipoinuka Zuhra alikuwa amekunywa ya kwake peke yake na kikombe cha mumewe kimefunikwa kwa kisahani, baridi. Jioni ngapi zilikuwa hivyo! Apoline akamwekea maandazi kwenye sahani, akarudi kukaanga, akamwacha alie kwa nafasi yake.

Kisha wakaziweka simu zao mbili pamoja juu ya kigoda. Blututhi za zamani hazina haraka. Ilibidi wakae hivyo, karibu, wakisubiri.

Aliporudi Kasulu alimpelekea Nurudini rekodi. Kijana akapiga simu mara moja. "Nimeamini mzee. Hii ni kazi ya mtu, na mtu huyo ana mwenyewe. Niutoe wimbo?"

"Uache."

"Una hakika?"

"Aliutoa mwenyewe. Mimi ni nani niurudishe? Ila pale ulipoandika wimbo wa asili, andika Zuhra wa Kitahana. Usiniandike mimi."

Siku iliyofuata alifunua kompyuta, akalifuta jingo. Kama ulikuwa unalichukia, huo ndio mwisho wake, ingawa kwenye kadi za watu bado linapiga kelele na litaendelea kupiga mpaka kadi zife.

Mteja wake wa kwanza wa wimbo safi alikuwa Zuleha. Alikuwa anamwoza binti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho, akasema kwa uangalifu, "Shemeji, huku mwishoni kuna mambo yenu ya ndani. Ukatwe?"

Gharibu alifikiri sana. "Usikatwe," akasema. "Ndivyo alivyouimba."

"Na wewe uje. Nimekuwekea kiti."

"Nitakuja baadaye," akajibu, na wote wawili walijua hatakwenda. Harusi za watu ni ndefu kwa mjane, awe mwanamke au mwanamume.

Alasiri ya harusi alikuwa nyumbani kwake, na hema la Zuleha lilikuwa mtaa wa pili tu. Alikuwa amebandika chai kisha akaketi na simu yake, akijaribu kuiondolea ile rekodi mkwaruzo wa mvua, ili iwe bora zaidi. Spika zikaanza. Aliisikia sauti ya Zuhra ikivuka mapaa ya bati, ikipanda kilima, na wanawake wakipokea: usigeuke, usigeuke. Vigelegele vikapigwa. Wimbo ukaisha, mtaa mzima ukanyamaza kidogo, na juu ya Kasulu yote, kwa sauti ya kila siku, Zuhra akamwambia azime mashine, chai inapoa. Watu hemani wakaangua kicheko, na "Ngoja kwanza" ikazama ndani ya kicheko hicho.

Gharibu alizima simu. Akainuka, akamimina chai, kikombe kimoja, akainywa ingali moto.